Amri Yangu ya Mlango Mmoja

Mjukuu wangu anayeishi Ilomba amepandishwa cheo. Sasa anaongoza mafundi wa kompyuta kumi na wawili, na wiki iliyopita alinijia na daftari jipya akaniomba nimtajie maazimio. "Babu, nataka matano tu," alisema, "ya kubandika ukutani, yanifanye kiongozi bora." Nikamwambia kwamba mimi nami niliwahi kubandika kitu kambini kwangu, na nusura kimfukuzishe kazi fundi hodari kuliko wote niliowajua. Akafunga daftari, akakaa. Nanyi vijana wenzake, mnaoamka asubuhi mkakabidhiwa mitambo na watu kwa pamoja, kaeni hivyo hivyo niwaeleze.

Mimi ni mtoto wa Iringa mjini. Baba alikuwa na duka la vitambaa, na wazee wake walitoka pwani. Nyumbani tuliongea Kiswahili tu. Kihehe nilikijua cha sokoni, na Kinyakyusa sikujua hata salamu. Miaka ile ya hamsini, nilipomaliza masomo ya ufundi, idara ya simu ilinichukua, na kwa kuwa vyeti vilikuwa vichache, nilifanywa msimamizi wa genge la mafundi wa laini nikiwa na miaka ishirini na moja. Watu wote waliokuwa chini yangu walinizidi umri. Mmoja wao alianza kupanda nguzo za simu wakati mimi bado nanyonya.

Nilikuwa na ugonjwa mmoja: kuwaza mno. Kabla ya kugonga mlango wa Bwana Injinia, yule Mwingereza aliyetusimamia kutoka Mbeya, nilikariri salamu tatu, kisha nikiingia natoa ya nne ambayo sikuikariri. Barua ya mistari miwili niliiandika mara tano. Mtu akinyamaza, nilitafuta maana ya kunyamaza kwake. Akicheka, nilitafuta anamcheka nani. Msidhani ugonjwa huu ni wa wajinga. Huwapata sana waliosoma, kwa sababu kichwa kilichozoezwa kutafuta majibu hakipendi kukaa bure.

Nitawapa mfano mdogo kwanza. Pale Iringa, kabla sijapewa genge, mfanyabiashara mmoja alilalamika kwamba simu ya dukani kwake imekufa. Nilikwenda na mkoba wa vifaa. Nikaifungua simu, nikapima kila waya, nikachora mchoro, nikarudi siku ya pili na mchoro mkubwa zaidi. Mke wake, Mama Salma, alikuwa anakaanga vitumbua ukumbini, ananitazama.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "unatafuta nini humo?"

"Natafuta hitilafu, mama. Umeme haufiki kwenye chombo cha kusemea."

"Utafikaje, na betri bwana kazichomoa Ijumaa, kaziweka kwenye redio?"

"Mbona hukuniambia jana?"

"Hukuniuliza. Ulikuja umenuna, nikajua ni mambo ya kisomi."

Alinipa vitumbua vinne. Njiani nilikula kwa aibu, lakini nilivimaliza vyote. Azimio la kumuuliza mtu kabla ya kufungua mtambo nilipaswa kulichukua siku ile. Sikulichukua. Niliandika kwenye daftari: "Kagua betri." Yaani nilipata somo la mtambo, nikaacha somo la mtu.

Sasa njooni Chimala.

Laini yetu ilifuata barabara kuu, kutoka Iringa ikashuka hadi Igawa, ikapita Chimala, ikapanda kwenda Mbeya. Mwaka huo, kwa wiki tatu, mazungumzo baina ya Iringa na Mbeya yalikatika kila siku mchana, kuanzia kama saa nane hadi saa kumi na moja hivi, halafu yakarudi yenyewe. Madaktari walishindwa kuulizana habari za wagonjwa, wenye maduka walilalamika, na Bwana Injinia alipiga simu asubuhi, wakati laini ikiwa nzima, kunikumbusha kwamba mchana itakufa. Vipimo vyangu vilionyesha tatizo liko kati ya Igawa na Chimala. Hiyo ni safari ya zaidi ya maili ishirini ya waya, na kila nguzo inafanana na mwenzake. Tukapiga mahema Chimala.

Fundi mkuu wa genge alikuwa Mzee Mwakalinga, Mnyakyusa mrefu, mkimya, mwenye vidole vinene kama kamba ya katani. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu apumzike kwa heshima. Mambo aliyonifundisha yule mzee hayakuwamo katika kitabu changu chochote. Ukitaka kujua kama waya umekazwa sawa, weka sikio kwenye nguzo wakati wa upepo mdogo, usikilize unavyoimba; waya uliolegea unaguna. Usikaze waya sana jua likiwaka, maana baridi ya alfajiri itauvuta mpaka ukatike. Ukipanda nguzo, usimwangalie aliye chini, mwangalie anayekupitishia vifaa, tena mikononi, siyo usoni.

Mwingine alikuwa Sanga, Mkinga kutoka milimani, mdomo wake haupumziki. Yeye ndiye aliyenibatiza Bwana Daftari. "Bwana Daftari," alikuwa akisema, "leo tumeandika maili ngapi?"

Nilikuwa nimeandaa jedwali. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, tukakagua sehemu yetu, na saa sita tukawa kambini, watu wapumzike na mimi niandike. Siku ya tatu Mzee Mwakalinga alinifuata.

"Bwana mdogo, huu waya unaugua saa tisa. Sisi tunaukagua saa mbili. Tutauona saa ngapi?"

"Mzee, ni zaidi ya maili ishirini. Saa tisa ikifika tutakuwa tumesimama sehemu moja. Tukikosea sehemu, siku imepotea. Jedwali linatufanya tupite kote."

"Sawa," akasema, akaondoka. Hakubishana. Nami nikawaza: mbona hakubishana?

Ile amri ilizaliwa wiki hiyo. Habari zilikuwa zinatujia ovyo. Mpita njia anamwambia mpishi kwamba nguzo imeanguka, mpishi anamwambia Sanga, Sanga anaongeza chumvi, na sisi tunatembea maili sita kwenda kukuta mti wa zizi la ng'ombe ndio ulioanguka. Nikaona dawa ni kuwa na mlango mmoja. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikabandika kwenye mti wa katikati ya hema: kila mwenye habari za waya ataripoti kwa Fundi Mkuu, na si kwa mtu mwingine yeyote. Mpishi na wengine wote nikawakataza kupokea. Sanga nikamtuma sokoni atangaze. Mzee Mwakalinga akawa anakaa mbele ya hema kila mchana, kwenye kigoda, anasubiri habari. Niliiona amri ile nzuri sana. Hata leo, mkinionyesha bila kunieleza kisa chake, nitasema ni amri nzuri.

Tukakaa siku mbili bila habari hata moja.

Siku ya tatu nikiwa ndani ya hema nilimwona mwanamke kijana akija kutoka upande wa mashamba ya mpunga. Alikuja mpaka hatua hamsini hivi, akatazama kambi, ghafla akajifunika kichwa kwa kanga, akageuka, akaingia kwenye matete mbio. Kesho yake akaja tena, akakimbia tena. Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunafuata laini, Mzee Mwakalinga mbele na mimi nyuma yake. Tulipokaribia mashamba, mwanamke yule yule aliruka kutoka kwenye dungu lake, lile jukwaa la miti wanalokaa kufukuzia ndege, akapotelea kwenye majani. Na hapo nikaona jambo jingine: Mzee naye aligeuza uso upande wa pili. Makusudi kabisa.

"Mzee, umemwona mtu pale?"

"Sijaona mtu," akajibu, bila kugeuka.

Ninyi mnaongoza watu. Mngewaza nini? Mimi niliwaza kila kitu isipokuwa kuuliza. Nilirudi kambini nikajaza kurasa saba. Mwanamke anakimbia kila akituona. Fundi Mkuu anamwona, anasema hajamwona. Fundi Mkuu alitaka tubadilishe saa za kukagua, labda ili asubuhi laini ibaki bila watu. Alipokataliwa hakubishana, maana yake ana mpango mwingine. Kuna watu wanachezea waya, mwanamke ni mlinzi wao, na mzee anawaficha. Kila kipande kilikaa mahali pake kama vikombe vya kaure vya kushikia waya juu ya nguzo. Sikumwambia Sanga, kwa kuwa mdomo wake hauna kifuniko. Sikumwambia yeyote. Jumatatu nikasafisha ripoti, nikaitia kwenye bahasha, nikampa dereva wa lori la mpunga aliyekuwa anakwenda Mbeya. Nilishauri Mzee Mwakalinga aondolewe kwenye laini mara moja.

Niliwahi kusikia watu wakisema kwamba kosa la kijana ni haraka. Mimi sikuwa na haraka. Niliandika rasimu nne.

Jumanne mchana niliwaacha wenzangu wamelala kivulini nikaenda peke yangu mashambani, nimkamate mwanamke yule kwa macho yangu. Nilitegemea atakimbia. Alikuwa juu ya dungu na kombeo lake la kutupia ndege mawe. Aliponiona hakukimbia. Alinyoosha shingo atazame nyuma yangu, akahakikisha niko peke yangu, kisha akashuka kwa hasira.

"We ndo Bwana Daftari?"

"Nani amekuambia jina hilo?"

"Soko zima linalijua. Siku sita naja kambini kwenu, siku sita narudi! Mpunga wangu unaliwa na ndege kwa ajili yenu!"

"Unakuja kisha unatukimbia. Kwa nini unatukimbia?"

"Nikukimbie wewe? Wewe nani? Namkimbia mkwe wangu, yule uliyemweka mlangoni kama simba."

"Mkwe wako nani?"

"Huyo huyo. Simtaji. Mie ni mke wa mwanae."

Jina lake lilikuwa Tusajigwe. Mumewe alikuwa Chunya, machimboni, hadi wakati wa mavuno. Nilijua Mzee Mwakalinga ana mtoto maeneo yale, lakini sikuwahi kuuliza zaidi ya hapo.

"Basi si ungemwambia tu," nikasema. "Si ni mzee wako?"

Tusajigwe alishika kiuno. "Nimwambie! Kwani kwenu mwanamke anaongea na baba mkwe?"

"Anaongea. Anamwamkia kila asubuhi."

Alinitazama kwa huruma, kama amesikia kwamba kwetu tunakula mchanga.

Ndipo akanieleza, polepole, kama anavyoelezwa mgeni. Kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, haongei naye, hakutani naye njiani. Akimwona anajificha, na mzee naye hugeuza uso ili asimtie mkwewe katika taabu. Ndiyo heshima yao. Mzee aliponiambia hajaona mtu, alikuwa amesema kile ambacho mkwe mwema hupaswa kusema.

"Kwa nini hukumwambia mpishi?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeanza kupungua.

"Nilimwambia alipokuja kununua mchele. Akasema we umekataza. Nenda kwa Fundi Mkuu. Amri ni amri." Akapiga kofi moja. "Watu wazima mnawekeana amri za namna hiyo? Umesoma mpaka macho yameisha nguvu. Haya, keti hapo chini, jua likigeuka utaona."

Nilikaa. Joto lilikuwa kali, na waya zilizopita juu ya shamba lake zilikuwa zimeshuka kuliko nilivyoziona asubuhi yoyote. Nguzo ya karibu na mfereji ilikuwa imeinama kidogo sana, maana maji ya mpunga yalikuwa yamelainisha udongo kwenye shina lake. Asubuhi, baridi inazivuta waya zile, huoni kitu. Mchana zinalegea. Kama saa nane na nusu upepo ulishuka kutoka mlimani, waya mbili zikaanza kubembea, zikakaribiana, zikagongana. Tak. Zikaachana, zikagongana tena.

"Hiyo," akasema Tusajigwe. "Kila siku. Tangu maji yafunguliwe."

Kurasa saba, na jibu lilikuwa upepo.

Jumatano tulitoka saa sita mchana, jedwali nimelikunja mfukoni. Mzee Mwakalinga alichimba kwenye shina la nguzo, akapigilia mawe, akafunga waya mpya wa kuishikiza, kisha akapanda nguzo ya pili kukaza. Kutoka pale juu hakuweza kuona vizuri katikati ya shamba, na mwenye jicho la katikati alikuwa Tusajigwe. Basi akaketi nyuma ya jamvi alilolitundika kwenye dungu, anatazama waya tu, na Mzee akaupa mlima uso wake. Mimi nikasimama baina yao.

"Bado," alinong'ona Tusajigwe.

"Bado!" nikapaza sauti.

"Muulize mwenye shamba, ule wa juu au wa chini?" Mzee akauliza kutoka nguzoni.

"Wa juu au wa chini?"

"Wa chini. Mwambie wa juu aliukaza vizuri."

"Wa chini, Mzee! Wa juu uliukaza vizuri!"

"Ndaga," akasema Mzee, akiushukuru mlima.

Sanga alikuwa chini anashikilia koili la waya, anatetemeka kwa kicheko. "Bwana Daftari," akaniambia, "hatimaye umepata kazi inayokufaa. Umekuwa simu."

Upepo ulipokuja, waya zilibembea kila mmoja peke yake. Iringa na Mbeya wakaongea mchana kutwa. Genge zima lilikuwa na furaha isipokuwa mimi, kwa sababu ripoti yangu ilikuwa Mbeya na hakuna aliyejua.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hili nawaambia ninyi wakubwa wa mitambo, maana nafasi hiyo mtaipata mara nyingi. Laini imepona. Ningeweza kusema nilidanganywa na dalili, au nikangoja nione. Alhamisi saa nne asubuhi Landrova ya Bwana Injinia ikasimama mbele ya kambi, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa fundi nisiyemjua, na godoro lake limefungwa kamba. Bwana Injinia alishuka na bahasha mbili mkononi. Moja ilikuwa ya kwangu. Ya pili niliisoma kwa mbali: jina la Mzee Mwakalinga, limepigwa taipu.

Alituita wote mbele ya hema. "Mwakalinga," akaanza.

"Bwana," nikasema. Sikuwa nimekariri. "Barua hiyo usimpe. Niliyoandika si kweli."

"Uliandika wewe?"

"Niliandika mimi. Laini ilitengenezwa jana, na aliyegundua ni mke wa mtoto wa Mzee huyu. Alikuja kutuambia siku sita. Alizuiwa na amri yangu, hiyo iliyobandikwa hapo. Nilimwona akikimbia nikamwandika mlinzi wa wanaochezea waya, na Mzee nikamwandika mshirika wake. Niliandika mara nne, na sikumuuliza yeyote."

Bwana Injinia alisoma amri yangu pale kwenye mti wa hema, kisha akanisoma mimi.

"Kwa hiyo hitilafu ilikuwa nguzo au ilikuwa wewe?"

"Nguzo kwa waya, bwana. Mimi kwa wiki moja ya mwisho."

Akaichana barua ya Mzee vipande vinne, akavitia mfukoni. Halafu akasema kwamba kwa miezi sita Mwakalinga ataongoza genge na mimi nitakuwa chini yake, nibebe vifaa, nijifunze. Yule fundi mwenye godoro akaombwa apande garini tena. Alikuwa hajashuka bado, akasema afadhali, maana Chimala ina mbu.

Nimeongoza mafundi miaka mingi tangu hapo, na mitambo imebadilika mpaka sasa inaripoti ugonjwa wake yenyewe. Lakini kila nilipoweka utaratibu wa habari kunifikia, nilitembea upande wa nje nikauliza: ni nani hawezi kupita hapa? Huwa yupo. Wakati mwingine ni mfagiaji anayeona maji yanadondoka kwenye mtambo. Wakati mwingine ni fundi mpya anayemwogopa yule uliyemweka mlangoni. Usimngoje awe jasiri. Mfungulie pa kupitia. Na ukimshtaki mtu kwa maandishi kisha ukajua umekosea, jisahihishe mbele ya wale wale, kwa sauti ile ile, kabla bahasha haijafunguliwa.

Mzee Mwakalinga hakusema nami siku nzima ile. Ijumaa tulikuwa tunafuata laini kuelekea Igawa, yeye mbele na mimi nyuma na koili la waya begani, akasimama.

"Uliandika nini hasa juu yangu? Nisomee."

"Sina karatasi, Mzee."

"Uliandika mara nne. Unaikumbuka."

Niliikumbuka. Nikamsomea yote kutoka kichwani, pamoja na ile sehemu ya kunyamaza kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa taratibu.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hata mimi ningejifukuza."

Tukaenda hatua kadhaa. Akasimama tena, safari hii akawa anatazama vikombe vya nguzo, siyo mimi.

"Na mwenye shamba, ulipokwenda peke yako, alisemaje?"

"Alisema nimesoma mpaka macho yameisha nguvu."

Mzee alicheka hadi akashika nguzo. Sikuwahi kumwona akicheka. Alijifuta macho kwa kiganja kile kinene.

"Huu mwaka wa tatu yuko kwa mwanangu," akasema, "na sijawahi kusikia neno lake hata moja. Endelea, bwana mdogo. Akasema nini tena?"